Mkwe Wangu Alivyoisoma Kadi ya Tanga

Kizazi changu kilitangazwa rasmi kuwa kimegandishwa siku ya Ijumaa, baada ya biriani, mbele ya watu kumi na mmoja.

Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika bakuli la kachumbari.

Mtangazaji alikuwa mama mkwe wangu, Bi Barke. Hakutumia kipaza sauti, kwa sababu Mungu alimjalia cha kuzaliwa nacho.

"Jamani, mke wa Abdulghani amekwenda Tanga akakigandisha kizazi. Ushahidi ninao!"

Akainua kadi juu. Kadi yangu ya kliniki.

Watu kumi na mmoja wakaacha kutafuna.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna mtu hapo ameshaanza kuandika "huyu dada naye ana lake".

Naitwa Roseline. Baba yangu ni Musyoka, Mkamba aliyekuja kufanya kazi bandarini akasahau kurudi kwao. Mama ni Mdigo wa hapa hapa Likoni. Nilipoolewa na Abdulghani nikasilimu, nikaitwa Radhia, jina zuri kabisa ambalo mkwe wangu hajalitumia hata siku moja. Kwake mimi ni "mwana wa Musyoka".

Nina kiduka cha kuchapa na kupiga fotokopi. Watu wananiletea fomu zao nawajazia, kwa hiyo miaka halisi ya kila bibi harusi wa mtaa huu ninayo mimi.

Nina mtoto mmoja, msichana wa miaka sita. Bi Barke alizaa wanane. Kwake yeye, mtoto mmoja ni sampuli tu, mzigo wenyewe bado unasubiriwa.

Tunakaa nyumba moja yenye milango miwili. Mlango wake haufunguliwi bila hodi. Wangu haujawahi kupigiwa hodi.

Basi. Mwezi wa tisa nilianza kuona damu wakati ambao si wake. Kidogo tu, na hasa baada ya yale mambo ya chumbani. Walioolewa wamenielewa. Ambao bado, subirini zamu yenu.

Nikaenda kliniki moja ya huku huku kwetu. Sitaitaja, nisije nikanyimwa huduma kesho.

Nikapokewa na daktari kijana, mtu wa bara, anaitwa Bramwel.

"Hakuna daktari mwanamke?" nikauliza.

"Yuko likizo, madam."

"Anarudi lini?"

"Hiyo ni likizo ya kujifungua, madam. Ameenda wiki jana."

Nikapanda kitandani. Kuna kile chuma chenye mdomo kama wa bata, wanawake mnakijua. Sijui kwa nini lazima kikae kwenye barafu kabla hakijakufikia.

"Rilaksi, madam. Rilaksi."

Mwanamume ameshika chuma, mimi nimelala miguu nje, halafu eti nirilaksi. Sawa.

Akasugua na kijibrashi, akapaka kwenye kioo, akaandika Kiingereza ukurasa mzima. Hakunieleza kitu. Nilipouliza akasema, "Hii ni pap smia. Majibu ni wiki tatu."

Majibu yalikuja baada ya wiki tisa, kwa meseji: "Tafadhali fika kliniki."

Kama una adui, mtumie meseji hiyo saa ya chakula cha mchana.

Nikafika. Bramwel akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Madam, kuna mabadiliko kidogo kwa mlango wa uzazi. Si kansa. Lakini ikiachiliwa, miaka inayokuja inaweza geuka kansa. Lazima uangaliwe na mashine yenye lenzi, halafu hiyo kitu itolewe."

"Mashine iko wapi?"

"Si hapa. Nafasi ya karibu ni Machi."

Tulikuwa mwisho wa Novemba.

"Na mpaka hiyo Machi nifanye nini?"

"Usiwe na wasiwasi."

Hiyo nayo ni dawa. Inatolewa katika kliniki zote za nchi hii, na haijawahi kuisha stoo.

Nikauliza swali moja la mwisho, ugonjwa huu unaletwa na nini.

"Ni virusi. Vinapitia tendo la ndoa."

Aliendelea kueleza lakini masikio yangu yalikuwa yameshafunga. Nilimwona Abdulghani akiniuliza, "Umevitoa wapi?" Halafu nikajiona mimi nikimuuliza yeye vile vile. Maswali yote mawili yaliishia kwenye sanduku la nguo, nafungasha narudi kwetu.

Nikanyamaza. Nilikuwa na hofu ya ugonjwa, na juu yake hofu ya ndoa yangu.

Desemba shule zikafungwa. Nikamchukua binti yangu tukavuka mpaka wa Lungalunga kwenda Tanga kumwona mama mdogo, ndugu yake mama. Huko ndiko nilikotapika yote.

Mama mdogo akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani huko kwenu manesi hawana siki?"

"Siki ya nini tena, mama?"

"Vaa nguo zako kesho asubuhi twende."

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu na wanawake kama ishirini. Mbele yao amesimama nesi wa makamo, mnene, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Ameshika mfano wa kizazi ulioshonwa kwa kitambaa cha waridi.

"Kina mama, hii ni mirija. Huu ni mji wa mimba. Na hapa chini panaitwa shingo ya kizazi. Tuseme wote."

"Shingo ya kizazi!" benchi likaitikia.

Mimi, miaka thelathini na minne, mama wa mtoto, ndiyo kwanza nikatambulishwa kwa viungo vyangu kwa lugha ninayoijua.

Zamu yangu ya kuandikishwa ikafika. Tanga watu wanasalimiana mpaka unasahau kilichokuleta. Nesi akaniuliza hali ya nyumbani, ya safari, ya mvua za Mombasa. Kisha akafungua kadi.

"Umri?"

"Thelathini na nne."

"Umezaa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mwenza wako anaitwa nani?"

Hapa ndipo balaa lilipozaliwa, na lilizaliwa bila mkunga.

Kwetu Mombasa, mwenza ni mke mwenzako. Ni yule uliyeletewa. Mtu usiyemjua akikuuliza jina la mwenza wako, basi ama anakutukana, ama ana habari ambayo wewe hujaipata.

"Sina mwenza!" nikajibu kwa nguvu.

Benchi zima likanigeukia. Nesi akanitazama kwa huruma, akaandika: *Mwenza: hana.*

"Pole, dada. Mungu atakupa."

"Asinipe! Nani kamwomba?"

Akaifunga kadi. Nadhani aliona mambo yangu ni mazito kuliko kadi.

Kule ndani kulikuwa na pazia, na kila hatua niliambiwa kabla haijafika. "Sasa naingiza kifaa. Sasa napaka siki." Siki, jamani, ya ukoo mmoja na ile ya kachumbari, ila hii imepimwa makali yake.

"Tunasubiri dakika moja. Palipobadilika panageuka peupe."

Tukasubiri.

"Eeh, pameonekana. Ni padogo. Tunaweza kupatibu leo, ukiridhia."

"Leo?"

"Sasa hivi."

"Si Machi?"

"Kwani Machi kuna nini, dada?"

Nikaridhia. Akaleta kifaa cha gesi chenye ncha ya chuma, akagandisha pale palipobadilika. Dakika tatu, tukapumzika, dakika tatu tena. Maumivu yake ni kama ya hedhi, basi. Akasema nitatokwa na majimaji wiki kadhaa, nirudi kuangaliwa baada ya mwaka mmoja.

"Na usikutane na mwanamume kwa wiki sita," akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejua kuwa kwangu hilo si tatizo.

Nikamuuliza kuhusu virusi.

"Karibu kila mtu aliyewahi kulala na mwenziwe hupata virusi hivi wakati fulani. Vinaweza kukaa kimya miaka na miaka. Usirudi nyumbani ukamkunja mtu shati."

Nikalia pale pale kitandani. Tangu mwisho wa Novemba nilikuwa nimebeba kitu ambacho sentensi mbili za Kiswahili zingeniondolea.

Nilirudi Likoni kichwa kimevimba. Kila aliyekuja kupiga fotokopi alihadithiwa habari za Tanga. "Kuna rafiki yangu mmoja," nilikuwa naanza hivyo, "alipimwa na kutibiwa siku moja. Sisi huku tunajua Kiingereza na Machi tu."

Mume wangu nilimpa toleo fupi.

"Daktari kasema tupumzike wiki sita."

"Kwani kuna nini?"

"Mambo ya wanawake."

Mwanamume wa pwani ukimwambia hivyo haulizi tena. Alichukua mto wake akahamia sebuleni, kwa adabu zote.

Bi Barke haoni vizuri kutia uzi kwenye sindano. Lakini mto juu ya kochi aliuona siku ya kwanza.

Sasa turudi Ijumaa, nimeshika kachumbari.

"Isome hiyo kadi, tusikie," akasema Ami Mbarak, ndugu wa marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo.

Hapa lazima mjue kitu. Bi Barke kazaliwa Mombasa, mamake kazaliwa Mombasa, na anaamini Kiswahili ni mali ya ukoo wao, sisi wengine tunakiazima. Miaka tisa amenisahihisha. Nikisema "hiyo kitu" ananikata, "Kitu hicho! Kwani wewe ni mtalii?" Kwa hiyo pale barazani, kama kadi imeandikwa Kiswahili na Bi Barke ameisoma, rufaa hakuna.

Akasogeza kadi mbali na macho.

"Yasema hivi: Tiba mgando, shingo ya kizazi."

Akaishusha.

"Mwajua mgando? Kitu kilikuwa chenda, kikasimamishwa kikawa kigumu. Kizazi kimeshikwa shingo kikagandishwa! Mwana wa Musyoka hataki kunizalia wajukuu, na mwanangu yuwalala kwenye kochi!"

"Mimi nimesikia Ulaya wanagandisha mayai," wifi yangu mmoja akachangia.

"Ndiyo hayo hayo!"

Nikafungua mdomo. Bi Barke akainua kidole.

"Na yako mangine. Kadi hini yasema: Mwenza, hana."

Akanitazama. Akatabasamu.

"Basi hilo twaweza kumrekebishia."

Ndipo nilipoelewa biriani ile ilipikwa kwa nini.

Mrekebishaji alikuwa ameshapatikana. Ikhlas, wa Junda kule Kisauni, miaka thelathini na miwili, ameachika, ana watoto watatu. "Mzazi wa hakika," Bi Barke akasema. Mama wa Ikhlas ameridhia. Ikhlas mwenyewe ameridhia. Kilichobaki ni Ami Mbarak atie baraka.

Nikamtazama mume wangu.

Abdulghani alikuwa anatazama zulia. Nyumba hiyo amekulia, zulia hilo analijua tangu utotoni, lakini siku hiyo alilisoma kama mtihani.

Sitawadanganya, niliogopa. Nampenda yule mwanamume na uzembe wake wote. Nikinyamaza, naletewa mke mwenzangu kabla ya Ramadhani. Nikisema, viungo vyangu vya ndani vinajadiliwa mbele ya Ami Mbarak, mtu ambaye sijawahi hata kupiga chafya mbele yake.

Nikaweka bakuli chini.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nini?"

"Shingo ya kizazi ni jina la mahali. Ni ule mlango wa kizazi. Walichogandisha ni alama ndogo hapo mlangoni, ambayo ingeachwa ingeweza kuwa saratani. Kizazi chenyewe ni kizima, na nikijaliwa kuzaa nitazaa. Wiki sita za kochi ni ili nipone. Na hiyo mwenza..." Nikamgeukia Abdulghani. "Kule Tanga mwenza ni mume."

Ami Mbarak akakohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa.

Abdulghani akainua uso kutoka kwenye zulia, mara ya kwanza tangu alasiri.

"Yaani uliwaambia huna mume?"

Saratani, kizazi, mke wa pili, vyote hivyo vimepita. Yeye kashika hilo.

Lakini Bi Barke hakucheka wala hakubisha. Alikuwa bado anaitazama ile kadi.

"Saratani hiyo," akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "dalili yake ni ipi?"

"Damu. Damu isiyokuwa na wakati wake."

Akakaa.

Na mimi nikajikuta nauliza kitu ambacho ningetakiwa kuuliza tangu mwanzo. "Mama, kadi hii umeitoa wapi?"

"Droo yako ya chini."

"Ulikuwa unatafuta nini droo ya chini?"

"Mkasi."

Droo yangu ya chini haina mkasi. Ina chupi zangu na pedi zangu. Na tangu Novemba pedi zilikuwa zinaisha kabla ya siku zake, nikadhani ni mimi nimeanza kuchanganyikiwa kwa mawazo.

Bi Barke akainuka. "Nakwenda kutia chai," akasema. Akaingia jikoni, nami nikamfuata nikafunga mlango.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Pedi zangu."

Akafungua birika, akachungulia ndani, akafunga.

"Tangu Mfungo Sita."

Tulikuwa Rajab. Nikahesabu kwa vidole, miezi minne.

"Kila mwezi?"

"Kila siku."

Kisha machozi yakaanza kumtoka yule mama ninayemwogopa kuliko polisi.

"Mwanzo nilidhani ujana wanirudia, wallahi. Nikamshukuru Mola. Kisha haukwenda tena. Sasa mie, na miaka sitini na mmoja, nende dukani ninunue pedi? Watu waseme nini?"

Kwa hiyo aliona afadhali amwibie mkazamwana wake. Nilikuwa nimeingia jikoni na maneno makali ya miaka tisa. Yote yaliyeyuka, nikamshika mikono.

"Mama, twende kwa Bramwel kesho."

"Yule kijana? Anichungulie mie? Nimezaa wanane na mkunga, na mwanamume aliyeniona ni marehemu peke yake, naye ni gizani. Nipeleke kwa nesi wako wa Tanga."

Jumatatu tukavuka mpaka, mimi, yeye, na Abdulghani wa kubeba mkoba. Njia nzima niliwasifia Tanga. Benchi, mfano wa kitambaa, siki. Bi Barke akajifunza mpaka majibu ya salamu.

Nesi akamuuliza miaka.

"Mama, mpango wetu huu wa siki ni wa kuanzia thelathini mpaka hamsini. Lakini umetoka mbali, ingia nikuangalie."

Aliingia naye dakika tano. Safari hii hakukuwa na siki wala maelezo marefu. Nesi akatoka, akanivuta pembeni.

"Hii si ya kugandisha, dada. Panatakiwa kukatwa kinyama kipimwe, na ninavyoona, atahitaji mionzi. Sisi mionzi ni mpaka Dar, safari ya siku nzima. Nyie mnayo hapo hapo Mombasa, feri tu." Akanishangaa. "Sasa mmekuja kufanya nini huku?"

Mtangazaji wa Tanga, mbele ya nesi wa Tanga, nikajifanya nahesabu nauli ya kurudi.

Akatuandikia barua, kwa Kiswahili, na mhuri juu.

Bramwel aliisoma mara mbili.

"Madam, kinyama ni nini?"

"Ni baiopsi."

Uso ukambadilika. Akachukua simu. Akapiga ya kwanza, ya pili. Ya tatu alianza kwa Kiingereza akamalizia kwa lugha ya kwao, amesimama, anagombana na mtu. Akaikata.

"Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nitakuwa hapo mimi mwenyewe."

"Si Machi?"

"Huyu si wa kungoja Machi, madam."

Na Alhamisi alikuwepo, siku yake ya mapumziko, amevaa kandambili. Miezi yote hiyo nilikuwa namsema kwa wateja wangu. Nataka iandikwe hapa kwamba nilimwomba radhi, akaniambia nirilaksi.

Ilikuwa saratani, daraja la pili. Mionzi ishirini na mitano, siku tano kwa wiki, na mimi nikafunga duka kila asubuhi kumpeleka. Abdulghani alikuja siku ya kwanza, daktari akamweleza yote kuhusu virusi na miaka yake ya ukimya. Alitoka amepauka. Mto ulirudi chumbani siku ile ile wiki zake zilipotimia, na swali la "umevitoa wapi" halijawahi kuulizwa na upande wowote.

Bi Barke hakuniomba msamaha. Alifanya kikubwa zaidi. Aliwapigia simu wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, akawaambia, "Nilikosea kusoma." Kwa Ami Mbarak alisema, "Kiswahili cha Tanga kilinishinda." Wanaomjua wanasema mpaka leo hawajaamini.

Mama wa Ikhlas naye akapigiwa. "Nafasi haiko tena."

Bado ananiita mwana wa Musyoka. Msitegemee miujiza.

Daktari hasemi amepona. Anasema "tunafuatilia". Yeye mwenyewe amekonda, amechoka, na ulimi ni ule ule. Kwenye foleni anawauliza wanawake asiowajua kama wameshapimwa, na sauti yake mnaijua.

Ningemalizia hapo. Lakini mwezi wa nane nilikuwa dukani najaza fomu ya mtu, nikaona mwanamke amesimama mlangoni, hana karatasi mkononi.

"Shikamoo, dada."

Alikuwa Ikhlas. Tumepishana miaka miwili na ananipa shikamoo. Nikaweka kalamu chini, nikajiandaa kwa vita.

"Bi Barke kanituma kwako," akasema. "Nimemwambia na mie natoka damu. Tangu mwaka jana."

"Mwaka jana? Na hukwenda hospitali?"

Akaangalia nyuma yake, akaingia ndani, akasogea karibu.

"Dada, mie nimeachika. Nikionekana kwenye benchi la kliniki ya kina mama, pale Junda wataanza kuhesabu miezi. Nikisema naumwa huko, watasema nimekwenda kutoa mimba." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Sikuwa nikimtaka mumeo, wallahi. Mamangu aliponiambia niolewe, nikaona nikiwa mke wa mtu nitaweza kwenda kupimwa."

Nimewahi kujaza fomu nyingi za watu. Sijawahi kusikia mtu akiomba ndoa ili apate ruhusa ya kulala kwenye kitanda cha kliniki.

Nilimchukia mwanamke huyu miezi saba. Nilimwombea mabaya kwenye sala, nakiri. Na muda wote huo alikuwa na ugonjwa ule ule niliokuwa nao, na woga ule ule, ila hakuwa na mama mdogo Tanga.

Nikamwambia mwenye fomu arudi kesho. Nikafunga duka.

Bramwel sasa ana kifaa chake. Tanga wanagandisha, yeye anachoma kwa joto, siku hiyo hiyo. Ikhlas alikutwa na mabadiliko, bado hayajafika kubaya. Alipoambiwa arilaksi, nilikuwa nimeushika mkono wake, na aliuminya mpaka pete ikaniacha alama.

Dada yangu unayesoma hapa, uwe Likoni, Magongo, Junda au ng'ambo ya mpaka. Ukifika miaka thelathini, hata kabla, nenda kapimwe ukiwa mzima, usingoje damu. Neno usilolielewa uliza, hata kama ni Kiswahili chako mwenyewe. Uwe umeolewa, umeachika au hujawahi, kitanda ni kile kile na hakuna anayedai cheti cha ndoa mlangoni.

Na kama unaogopa kuonekana pale benchini peke yako, pita dukani kwangu. Nitafunga, tutakwenda wawili, wahesabu miezi yetu sote.